Ndevu Nyeupe, Nusu Mshahara

Maskati, mwezi wa Mlisho, 1968

Kwa mdogo wangu Bi Zuhura, Kibokoni, Mombasa.

Assalaam alaykum wewe, na shemeji Abeid, na kila anayelala chini ya dari lako, hata yule paka wako mwizi ikiwa bado hajafukuzwa mtaani. Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzima wa mzee: goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linapokea zamu jioni, kwa hivyo kutwa sikosi mguu mmoja wa kutegemea. Wewe je? Mgongo umekuacha? Na shemeji masikio yamemfunguka, au bado ukimuuliza atakula nini mtaa mzima hujua mnapika nini? Nijibu kila swali kwa nafasi yake. Barua yako iliyopita ulichanganya kifo cha jirani na bei ya nazi, nikawa sijui nicheke wapi na nilie wapi.

Baada ya hayo, khabari kubwa ni kuwa nimepata cheo. Nipo kwa mkandarasi mmoja anayejenga ukuta na maghala ya watu wa mafuta, njia ya kwendea Ruwi, na pale kazini hakuna mtu, awe wa nchi hii au wa kuja, anayeheshimiwa kama mimi. Nikifika asubuhi karani huinuka akaubusu mkono wangu. Nikipita, vijana hunyamaza. Na mshahara nnaolipwa mimi, Zuhura, hapewi mwanamume yeyote pale mwenye nguvu zake, hata aombe kwa machozi.

Soma tena hapo uone raha, kisha nikwambie ukweli wake, maana ushanijua. Mkono kweli hubusiwa. Vijana hunyamaza kwa sababu walikuwa wakinisema mimi. Na mshahara wangu hapewi mwanamume mwenye nguvu zake kwa sababu ni mshahara wa watoto. Nalipwa nusu. Mimi niliyekuwa nokoa kule Dole ya Unguja, msimamizi wa wachumaji wa shamba zima, nikikohoa mtu anateremka mkarafuuni, leo siku ya malipo nasimama mstari mmoja na watoto wanaofuta kamasi kwa mkono wa kanzu.

Ilikuwa hivi. Malipo pale yamepangwa kwa umri, na madaraja ni matatu: watoto, wanaume, na wazee. Hayo nimeyasikia nje ya lango siku nilipokwenda kuandikwa, na mimi nikapiga hesabu ya kwetu. Mtoto hupewa kidogo, kijana hupewa zaidi, basi mzee si ndiye wa kupewa kuliko wote? Kwetu maji ya kunawa huanzia kwa nani? Kichwa cha mbuzi huwekewa nani? Nikajiambia, Masoud, ndevu hizi umezifuga bure miaka yote, leo zimepata soko.

Karani mwenyewe ni kijana wa kwetu, jina lake Nassor, mtoto wa Malindi ya Unguja, aliyekuja huku baada ya yale yaliyotutawanya sote. Aliponiambia "Shikamoo babu" kwa sauti ile ya kwetu, nusra nimkumbatie. Akaniuliza umri. Umri wangu naujua, na wewe unaujua kuliko mimi, sijatimiza hata sitini na tano. Lakini nyuma yangu walisimama wazee wawili wa hapa, wamekauka kama papa, nikachelea wasije wakanipita daraja. Nikasema themanini. Nassor akanitazama. Nikadhani hajatosheka, nikamtilia mbili za nyongeza. Na ili asiwe na shaka nikaapa kwa jina la marehemu baba, nimesimama wima, kifua mbele, kama naozeshwa.

Akainuka, akaubusu mkono, akaniletea kiti, akaniletea maji ya mtungi. Halafu akakaa, akaandika nusu.

Sikujua mpaka siku ya malipo. Nimeshika vile vijisarafu kiganjani, nikarudi dirishani kwa upole, nikamwambia, "Nassor, mjukuu wangu, umenipa za mtoto."

"Sikukosea, babu. Ya mtoto na ya mzee ni moja."

"Na kiti kile? Na mkono ule?"

"Heshima ni yangu mimi," akasema. "Mshahara ni wa mkandarasi."

Nna kinywa, wakijua watu wa Unguja yote, lakini hapo nilizihesabu tena zile sarafu. Nilikwenda nikakaa juu ya jiwe. Kesho yake ndipo jibu likanijia, nikarudi nikamwambia kuwa kule Dole tulikuwa tunaipima karafuu, hatumpimi mchumaji. Aliyeleta pishi kalipwa pishi, awe bado ana meno ya utotoni au hana meno kabisa. Wamkumbuka yule kizee Mwanaisha, mgongo umepinda kama ndoana? Alikuwa hapandi, anazungukia matawi ya chini tu, kimya, na jioni pishi zake zinawapita mabarobaro waliokuwa juu kutwa wakiimba wasikiwe na wasichana. Na nani aliyewahi kumwambia Mwanaisha, wewe umezeeka, chukua nusu? Nassor akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akasema hapa hakuna karafuu, hapa ni mawe. Nikamwambia hata mawe yana uzito, na jiwe halimuulizi anayelibeba kazaliwa lini. Akainamisha kichwa. Akasema sheria si yake, na mkandarasi naye ameikuta kwa wenziwe, na kama nataka nende nikamwambie mkandarasi mwenyewe kwa Kiarabu. Hapo alinimaliza. Kiarabu changu wakijua: nasali nacho vizuri, lakini siwezi kununulia samaki.

Basi nabeba. Debe la maji kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, na mwenzangu wa mti ule ni bwana mmoja anaitwa Rashid. Usidhani ni mtoto. Ana mke na watoto wawili, ana sauti nene kama ya mwadhini, lakini kidevu chake Mungu alikisahau, ni kama yai. Kwa hivyo kaandikwa mtoto, naye nusu. Amepaka maji ya vitunguu, amepaka shahamu ya mbuzi, mpaka watu wakawa hawakai naye upepo ukimtokea yeye. Kila asubuhi kabla hatujashika mti hunigeuzia uso kwenye mwanga, "Babu, tazama, leo vipi?" Nami hutazama kwa makini, nikamshika shavu, nikamwambia naona kivuli. Si kivuli, Zuhura, ni uchafu. Lakini mtu atafanya kazi kutwa na nini? Yeye anangojea zake zitoke, mimi nangojea zangu zirudi nyuma, na maji tunabeba yale yale wanayobeba wenye kamili.

Haya yote ningeyavumilia nikakuandikia kwa kicheko, lakini limezuka jambo. Ukuta unakwisha. Wiki iliyopita tumetangaziwa kuwa Ramadhani ikimalizika, wenye kamili watachukuliwa Matrah kwenye kazi mpya, na wenye nusu wataachwa wote, watoto na wazee. Na hapa mtu wa kuja asiye na kazi hana ruhusa ya kukaa mjini. Mimi ntarejeshwa Ibra, huko ndani, kwa jamaa wa marehemu babu.

Usinielewe vibaya, ni watu wema. Mwaka niliofika walinilisha, walinivisha, walinichinjia. Lakini nikikaa nao nacheka wakicheka wao, tena nachelewa kidogo. Mtoto mmoja wa nyumba ile alimuuliza mamake kama yule mzee ni kiziwi. Nchi ya babu yangu, Zuhura, jina langu limejaa katika makaburi yao, na sina mtu hata mmoja wa kumwambia "mpuuzi we" akanijibu. Hapa Maskati japo alasiri tunakutana watu wanne watano wa kwetu, nje ya lango, tunasutana, tunakumbushana samaki, mpaka milango ya mji inakaribia kufungwa kwa usiku na kila mtu anashika kandili yake kwenda kulala. Saa ile ndiyo nnayoishi. Nyingine zote nabeba maji. Mtu kama mimi asiye na wa kumtania ni maiti anayekula tende.

Nassor kanionea huruma. Kaniambia, babu, kiapo chako cha themanini na mbili huwezi kukifuta mwenyewe, lakini akija mtu mkubwa kuliko wewe, aliyekuona mdogo, akashuhudia kuwa hujatimiza ile sitini na tano inapoanzia nusu, mimi ntamwendea mkandarasi na huenda akakubali. Nikafurahi, nikasema mtu huyo yupo, tena yupo hapa hapa kazini.

Seif bin Khamis unamkumbuka? Yule aliyeanguka kwenye pipa la tui siku ya arusi ya mtoto wa mwalimu. Yumo humu, analipwa kamili, ndevu nyeusi kama chini ya chungu. Kanizidi mimi misimu miwili ya karafuu. Nikamshika mkono mpaka dirishani kwa Nassor, nikamwambia, "Seif, sema mbele ya huyu. Mimi na wewe nani mkubwa?"

Akanitazama kama nnavyotazamwa na ng'ombe. "Huyu Masoud?" akasema. "Mimi nilipopata akili yangu nilimkuta huyu mtu mzima. Alikuwa akinipa peremende."

"Mimi nikupe peremende wewe? Seif, tumetahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja."

"Labda wewe ndiye uliyenishika, babu."

Kaniita babu. Seif. Nassor akajiuma mdomo, akageuka akajifanya anatafuta kalamu.

Tulipotoka nje akanivuta mkono wa kanzu mpaka nyuma ya rundo la chokaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ameoa mke mdogo hapa, ana kitoto cha mwezi wa tatu, na ndevu zile huzipaka dawa kila Alkhamisi, mke wake ndiye anayempaka. Mimi nikiwa mdogo wake, yeye atakuwa mkubwa wangu, na wakimpima umri yeye ataonekana ameshavuka sitini na tano, tutaachwa wote wawili. "Nisamehe, Masoud," akasema, "sikuwa na mdomo mwengine." Nilikuwa na kikombe cha maji mkononi. Ndevu zile, kikombe kimoja kingetosha, rangi yote ingekuwa kifuani pake mbele ya watu. Nikayanywa yale maji. Na jioni tulipokaa nje ya lango nikampisha akae mahala pangu, nikamwambia kaa, mtoto, miguu yako bado laini. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwa hivyo waliobaki duniani wenye kujua mimi nilizaliwa lini ni wawili. Mmoja ni Mwenyezi Mungu, na yeye haendi kutoa ushahidi kwa mkandarasi. Wa pili ni wewe.

Hapa, ikiwa anayekusomea ni mjukuu wako, mwambie akatazame chungu jikoni, na barua uishike mwenyewe uisome taratibu. Nitangoja.

Zuhura, eda yako ya mume wa kwanza ilipokwisha, na watu wa Abeid wakaja Unguja kutoka Mombasa kukuposa, mama yake alikuwa na neno lake moja tu, kuwa hataki mkwe aliyemzidi mwanawe umri. Wewe ukatoka ndani umejifunika, ukataja umri ambao ukiuhesabu, mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Mama yetu akanitazama. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, kijana tu, juzi yake ulikuwa umenichapa kwa kuvunja gudulia lako. Mimi ambaye ulinibeba kiunoni mpaka ukapinda upande mmoja. Basi nikakohoa, nikasema, "Ndiyo, huyu ndiye mdogo wangu." Tangu siku ile nikawa kaka mkubwa. Nilijifunza kupiga hodi kwa sauti nzito. Ulikuwa ukiniita kaka mbele za watu, umeinamisha macho, na mimi naona bega lako linatikisika kwa kicheko. Watoto wako wakaniita mjomba mkubwa. Miaka yote hiyo sikukutoa, hata siku ulipotangaza mbele ya shangazi zetu kuwa mimi nilikupeleka chuoni kwa kukushika mkono. Wewe ndiye uliyenipeleka, nikilia njia nzima.

Miaka yako ile uliyoivua nimeivaa mimi. Labda ndiyo sababu nilipoulizwa umri pale dirishani zikanitoka themanini na mbili kwa mara moja bila ya kuona haya. Miaka yako imo ndani.

Sikuombi pesa, wala sikuombi uje. Nassor kasema hata barua yatosha, mradi iwe na sauti ya mkubwa wangu, na barua zetu hupitia mikononi mwake, na Kiswahili anakisoma. Usiandike cheti, wala usiape kama mimi, viapo vimetosha katika ukoo huu. Andika barua ya kawaida. Nigombeze. Sema ulivyokuwa ukiniogesha nami natoroka na povu. Sema la gudulia. Nassor ana dada zake, atajua kugombezwa kwa kweli na kwa kutunga. Mkandarasi huenda akasema ushahidi wa mwanamke huhesabiwa nusu. Sawa. Nusu yako na nusu yangu, labda tutatimia mtu mmoja.

Usimwogope Abeid. Hasikii, na miwani yake wajukuu wameivunja. Na hata akijua leo kuwa umemzidi, atakuacha ende wapi, nani atampigia kelele za kula? Mama yake aliyeliweka neno lile amekwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu, na huko wanajua umri wa kila mtu.

Najua pengine haya yote ni kujisumbua. Meli inakuja inapotaka. Ramadhani haimngojei mtu. Barua yako huenda ikafika ukuta umekwisha, Nassor amehamishwa, na mimi niko Ibra nacheka nyuma ya wenzangu. Huenda mkandarasi akaisoma akasema ndevu ni ndevu. Nimekaa na jambo hili nikaligeuza kila upande, sikuona pa kulishika. Nikaona basi nikuandikie, japo uwe na cha kunichekea Ramadhani hii.

Nisalimie shemeji, mwandikie mkononi kwa kidole ikiwa hasikii. Nisalimie mjukuu wako mwenye kukusomea, na umwambie chungu sasa kimetosha kutazamwa. Msalimie jirani yako wa mahamri, yule aliyenipunja mara ya mwisho, mwambie sikusahau. Msalimie mwalimu wa chuo cha watoto hapo nyuma, na kinyozi wa shemeji. Nisalimie na baharia anayekuletea barua hii, mpe chai, ana mikono mirefu lakini moyo mzuri. Seif bin Khamis anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia, hakuuliza nini, akasema tu nimtakie radhi kwako.

Na ukijibu, usahau mengine yote kama ilivyo kawaida yako, changanya vifo na nazi, lakini mstari wa kwanza kabisa, pale juu, kabla ya salamu, uandike kwa mkono wako wewe: Kwa mdogo wangu Masoud. Maneno hayo tu. Ukubwa huu nimekutunzia muda mrefu, na kwa kweli nimechoka kuwa mkubwa. Niite, dada.

Ndimi mdogo wako,
Masoud